Maji ya Kuvalia Nguo, si ya Kuvulia



Juma lililopita nilikuwa kituoni nikisubiri daladala, mara mzee mmoja akanigusa bega. "Bwana wee," akasema, "si wewe unayezungumza redioni kila wiki? Hiyo sauti siipotezi. Basi leo nina mzigo wangu, nataka nikutwishe."

Mzigo wenyewe ulikuwa ujumbe kutoka kwa mwanawe anayesoma Marekani. Kijana huyo na wenzake wa chuoni wamepata nafasi ya kuteremka Mto Colorado, ndani ya lile korongo mashuhuri liitwalo Grand Canyon, katika mwezi wa Aprili. Wenzake watapanda boti za mpira. Yeye, kwa kuwa amejifunza kupiga kafi, atakuwa katika kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja uliofunikwa juu. Anamwomba baba yake fedha. Si za nauli wala za chakula, bali za nguo. Tena nguo yenyewe ni suti moja ya kuingilia mtoni, ambayo ile iliyo bora, ikinunuliwa mpya, bei yake hupita dola 1,000.

Mzee hakuficha hasira yake. "Nimemuuliza hali ya hewa ya huko," akaniambia. "Ananijibu kuwa ni jangwa, na mchana wa Aprili joto hufika nyuzi 28, sawa na hapa kwetu Dar es Salaam. Sasa mtu anayekwenda jangwani anataka nguo za baridi za nini? Mimi nimekulia Rufiji. Sisi tukiingia mtoni tulikuwa tunavua nguo, hatuvai. Niambie kweli, ndugu yangu, huyu mtoto si ananiibia?"

Nilimwahidi kwamba jibu nitalitoa hapa, kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu wengi. Vijana wetu siku hizi wanasoma Canada, Marekani, Uingereza na Norway, na huko wanaalikwa kwenye michezo ambayo sisi wazazi wao hatukuikuta. Na swali la mzee, "jua linawaka, nguo za nini?", ndilo ambalo watu wengi waliokufa katika mito ya baridi walijiuliza asubuhi ya siku yao ya mwisho, wakajijibu vibaya.

Wahenga wetu walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Walisema kweli. Lakini wahenga hao walikuwa watu wa maji vuguvugu. Yapo maji mengine duniani ambayo hayavuliwi nguo. Huvaliwa.

Hebu kwanza tuutazame huo Mto Colorado. Mto huu huanzia katika milima ya Rocky, theluji inapoyeyuka, ukateremka hadi katika jangwa la jimbo la Arizona. Zamani ulikuwa mwekundu kwa matope, na wakati wa kiangazi maji yake yalipata joto la kuogeka bila taabu. Ndipo mwaka 1963 milango ya Bwawa la Glen Canyon ilipofungwa. Huo ni ukuta wa zege wenye kimo cha mita 216, na nyuma yake maji yakajaa yakawa ziwa kubwa liitwalo Lake Powell.

Sasa, maji ya ziwa lenye kina kirefu hayana joto moja. Jua hupasha tabaka la juu tu. Maji ya baridi ni mazito kuliko ya moto, kwa hiyo hukaa chini, gizani. Na mabomba yanayopeleka maji kwenye mitambo ya umeme ya bwawa hilo yaliwekwa chini sana ya usawa wa ziwa lililojaa. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa na nyuzi 8 hadi 10 tu za sentigredi, yaani kama maji ya chupa uliyoitoa kwenye friji. Ni kweli kwamba katika kiangazi cha mwaka 2022, ukame ulipolishusha sana ziwa hilo, maji yalitoka yakiwa na joto zaidi kuliko ilivyozoeleka. Lakini Aprili si kiangazi. Wakati huo ziwa zima limetoka kwenye majira ya baridi, na mto nao ni wa baridi.

Hata samaki waliona tabu. Wale wa asili, waliozoea maji ya matope yenye joto, walipungua sana, na aina mojawapo iitwayo pikeminnow ikatoweka kabisa katika korongo hilo, baridi ikiwa moja ya sababu. Ndugu wasikilizaji, ikiwa samaki, mwenye maji yake, ameshindwa, itakuwaje kwa kijana wa Rufiji?

Basi tuone kinachompata mtu anayetumbukia ghafla katika maji kama hayo akiwa na fulana na kaptura. Wengi hudhani kwamba baridi humuua mtu polepole, kwamba atatetemeka kwa saa kadhaa, kisha atasinzia, kisha basi. Wataalamu wanasema sivyo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe katika maji ya barafu mara nyingi ili aone yanamfanya nini, amewafundisha watu kukumbuka namba tatu: moja, kumi, moja.

Moja ya kwanza ni dakika moja. Maji ya baridi yanapoigusa ngozi kwa ghafla, mwili hushtuka. Mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, kisha akaanza kutweta kama aliyekimbizwa na mbwa. Moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda. Ikiwa pumzi hiyo ya kwanza inavutwa kichwa kikiwa chini ya maji, kinachoingia mapafuni si hewa. Kwa hiyo mtu huweza kufa maji katika dakika hiyo ya kwanza, mwili wake ukiwa bado na joto lake lote, hata kama ni mwogeleaji hodari. Mshtuko huu hauhitaji maji ya barafu. Watafiti wameona kwamba katika maji ya nyuzi 10 hadi 15 tayari huwa mkali kabisa.

Kumi ni dakika kumi. Huo ndio muda ambao mikono na miguu bado inakutii. Mwili ukiona baridi huziba mishipa ya damu ya ngozini na ya viungo vya mbali, ili joto libaki kifuani. Ni busara ya mwili, lakini ina gharama yake. Vidole vinakufa ganzi. Kamba uliyorushiwa unaiona, lakini huwezi kuikamata. Unataka kuogelea, mikono inakuwa kama magogo.

Moja ya mwisho ni saa moja. Hapo ndipo joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, huwa limeshuka kiasi cha kumfanya mtu apoteze fahamu. Namba hizi ni za maji ya barafu hasa. Katika maji ya nyuzi 8 au 10 muda huweza kurefuka kidogo, lakini mpangilio ni uleule: kwanza pumzi, kisha mikono, mwisho fahamu.

Na sasa ongezeni kwamba maji yenyewe hayajatulia. Mpiga kayaki hukaa ndani ya chombo chake akiwa amejifunga kiunoni kwa sketi ya mpira, ambayo huziba mdomo wa kayaki maji yasiingie. Wimbi likimpindua, kichwa kinakuwa chini na miguu juu. Mwenye ujuzi hutumia kafi lake kujigeuza, akaibuka tena. Lakini kujigeuza kunataka utulivu na pumzi ya sekunde kadhaa, na ndivyo vitu viwili ambavyo mshtuko wa baridi humnyang'anya kwanza. Akishindwa, huivuta ile sketi, akatoka, akawa mwogeleaji katikati ya mawe na povu. Pale Grand Canyon, safari ya kutoka Lees Ferry hadi Diamond Creek ni kilomita zipatazo 360, huchukua siku nyingi, na katikati hakuna barabara ya gari inayofika mtoni. Hospitali haiko jirani.

Kwa sababu hiyo wapiga kafi wana kanuni yao ambayo mwanafunzi hufundishwa mapema: vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa. Usitazame jua, weka mkono mtoni.

Lakini kwa nini maji yawe makali kiasi hicho? Hewa ya nyuzi 10 unaivumilia kwa sweta moja, mbona maji ya nyuzi 10 yanaua? Jawabu ni kwamba maji huchukua joto la mwili kwa kasi ipatayo mara 25 kuliko hewa. Mpishi anajua jambo hili bila kwenda shule. Mkono unaweza kuupitisha ndani ya tanuri ya mkate iliyo moto ukautoa salama, lakini huthubutu kuuchovya katika sufuria ya maji yanayochemka, ingawa tanuri ina joto zaidi. Maji hulihamisha joto haraka, yawe yanakuunguza au yanakugandisha.

Hewa, kinyume chake, ni mvivu wa kubeba joto. Na hapo ndipo ilipo siri yote ya nguo ya baridi. Sweta halina joto lolote ndani yake. Kinachokupasha moto ni mwili wako mwenyewe, nayo kazi ya sweta ni kuishika hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake ili joto lako lisitoroke. Nguo ikilowa, maji huifukuza ile hewa na kukalia nafasi yake. Unabaki umevaa maji.

Hapa nguo hazifanani. Pamba ni zao letu, imesomesha watoto wa Shinyanga na Mwanza, nami siitukani. Kwa jua la Dar es Salaam hakuna kama fulana ya pamba. Lakini pamba hunywa maji mengi, huganda mwilini, na huchelewa sana kukauka. Ni vazi baya mno kwa mto wa baridi, na suruali ya jinzi ni mbaya kuliko zote. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, nayo hunywa maji, ila nyuzi zake zimejikunja kwa asili, kwa hiyo hata zikilowa bado hushika hewa kiasi na mtu husikia joto. Nailoni na poliesta hunywa maji kidogo sana. Ukizikamua na kuzikung'uta, baada ya muda mfupi zinakaribia kukauka. Basi mpiga kafi wa maji ya baridi, ndani kabisa huvaa fulana nyembamba ya mikono mirefu ya sufu au ya poliesta, inayobana mwili. Juu yake huvaa nguo nzito yenye manyoya-manyoya, na mwisho kabisa vazi la kuzuia maji.

Vazi hilo la nje liko la aina mbili, na mzee wangu asikilize vizuri, maana fedha yake iko hapa.

Aina ya kwanza ni suti ya mpira. Mwaka 1930 wakemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani waligundua mpira wa kutengenezwa viwandani ambao baadaye uliitwa neoprini. Miaka ya mwanzo ya 1950, Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa akitafuta vazi la wapiga mbizi wa jeshi la majini. Wengine walidhani lazima mpiga mbizi awe mkavu ndipo apate joto. Bradner akaona si lazima. Mpira ule ukiumuliwa kama mkate, ukajaa vipovu vidogo vya hewa, vipovu hivyo ndivyo vitakavyozuia joto lisitoke. Maji kidogo yakipenya kati ya suti na ngozi si hoja, mwili utayapasha yakawa vuguvugu. Wapiga kafi hupenda suti isiyo na mikono, iliyokatwa kama ovaroli la fundi, ili mabega yapate nafasi, kisha juu yake hutupia jaketi jepesi la kuzuia maji. Bei yake ni nafuu na haichaniki ovyo. Kasoro yake ni kwamba ni lazima ikubane sawasawa. Ikipwaya, maji mapya ya baridi huingia na kutoka kila unapojipinda, na yale uliyokwisha kuyapasha yanakwenda zake. Tena ukikaa nje umelowa na upepo ukivuma, baridi inarudi.

Aina ya pili ni suti kavu, na hiyo ndiyo anayoitaka kijana wetu. Ni vazi moja la mwili mzima, limeshonwa pamoja na soksi zake. Shingoni na kwenye viwiko vya mikono limewekwa ukosi wa mpira laini unaobana ngozi, maji yasipite. Mtu huingia kupitia zipu maalumu isiyovuja. Kitambaa chake, kile cha bei kubwa, kina utando wenye matundu madogo mno, ambayo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho hupita. Utando wa namna hiyo alianza kuupata Robert Gore wa Marekani mwaka 1969. Jambo hilo si anasa. Suti isiyopitisha jasho humlowanisha mwenyewe kwa ndani, na mtu aliyeloweshwa na jasho naye hupoa.

Sasa wapo wanaodanganyika kwa jina. Suti kavu haina joto. Ni gunia lisilovuja tu. Joto linatokana na nguo za sufu au poliesta ulizovaa ndani yake. Mtu akiivaa juu ya fulana nyembamba akatumbukia, atakuwa mkavu na bado atatetemeka. Na ina masharti yake. Sharti la kwanza, zipu ifungwe mpaka mwisho, na mwenzako aikague kabla hujaingia chomboni. Zipu iliyoachwa wazi hugeuza suti kuwa mtungi unaojaa maji ukiwa ndani. Sharti la pili, kabla ya kuondoka chuchumaa, vuta kidogo ule ukosi wa shingoni, hewa ya ziada itoke, la sivyo itakimbilia miguuni ukipinduka. Sharti la tatu, mpira wa shingoni haupendi jua wala mafuta. Usipoutunza utapasuka, tena siku unayoutegemea. Sharti la nne, suti ijaribiwe kwanza mahali penye maji yaliyotulia, si katikati ya mawimbi.

Juu ya suti yoyote ile huja jaketi la kujiokolea, ambalo halivuliwi mtoni kwa sababu yoyote. Kazi yake ya kwanza ni kukuelea katika ile dakika ya kutweta, mpaka pumzi irudi. Kazi yake ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni kukifunika kifua kama blanketi.

Kichwa nacho kina habari yake. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na joto linalotokea hapo linakaribiana na kiasi hicho. Lakini maji ya baridi yakikupiga kichwani mara kwa mara huleta maumivu makali na kizunguzungu, kwa hiyo kofia nyembamba ya neoprini huvaliwa chini ya kofia ngumu. Masikio nayo huzibwa, kwani maji ya baridi yakiingia miaka nenda miaka rudi, mfupa wa ndani ya tundu la sikio huota na kulibana. Mikononi wengine huvaa glavu, wengine hutumia vifuko vilivyofungwa kwenye mpini wa kafi, mkono ukaingia humo ukashika mpini wenyewe.

Baada ya nguo ni tumbo. Mwili ni jiko, nalo halitoi moto bila kuni. Mpiga kafi wa maji ya baridi hula mara kwa mara, hata kabla ya njaa: karanga, mkate, tende, vitu vitamu. Chai yenye sukari katika chupa ya chai ni sehemu ya vifaa vya usalama, nadhani hapo wengi mtanielewa. Maji ya kunywa pia yasisahauliwe. Wako wanaojinyima maji kwa kuogopa kukojoa, maana kuivua suti kavu mtoni ni kazi pevu. Ndiyo sababu suti iliyoshonwa kwa akili huwa na zipu ya ziada ya haja hiyo. Ama pombe, hiyo ibaki nyumbani. Pombe huifungua mishipa ya damu ya ngozini, mtu akasikia joto, kumbe lile ndilo joto linalotoka.

Na kubwa kuliko yote, watu waangaliane. Mtu anayepoa hajijui. Mtazameni mwenzenu: anajikwaa bila sababu, ulimi unamwia mzito, vitu vinamponyoka mkononi, amekuwa mkali au amenyamaza tu. Akiwa anatetemeka, mwili bado unapigana. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, msifurahi. Hapo hali imekuwa mbaya. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa vitu vikavu, na kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, wala msimburute ovyo, kwa sababu moyo uliopoa huweza kuvurugika kwa mtikisiko mdogo. Tena msikate tamaa upesi. Mwaka 1999, kaskazini mwa Norway, daktari mmoja mwanamke, raia wa Sweden, alinaswa chini ya barafu ya kijito kwa muda wa dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7 na moyo ulikuwa umesimama. Waliomwokoa hawakuacha kumhudumia, na madaktari wa Tromsø wakampasha damu polepole. Alipona, na akarudi kazini.

Ndugu wasikilizaji, huenda mmoja wenu anasema moyoni: haya yanatuhusu nini sisi? Pale Jinja, Uganda, watalii huteremka katika maji ya kasi ya Mto Nile wakiwa na kaptura, na maji yana nyuzi karibu 25. Ni kweli. Lakini vijana wa Jinja walio hodari wamekwenda kushindana ng'ambo, na huko mito haitazami uhodari wa mtu katika maji ya nyumbani kwao. Halafu sheria ya nguo iliyolowa haikai mtoni peke yake. Mulizeni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro ambaye mvua imemkuta na fulana ya pamba, na usiku unaingia. Mulizeni kijana wa bodaboda wa Njombe mwezi wa Julai, jinzi imelowa na upepo unampiga. Mulizeni mvuvi wa Ziwa Victoria ambaye chombo chake kimepinduka usiku. Maji ya huko si ya friji, lakini nayo yana joto pungufu kuliko mwili wake, na mpaka asubuhi ni mbali. Hao wote hawana dola 1,000. Lakini sweta la sufu lipo kwenye mitumba, mara nyingi hukaa chini kabisa ya rundo kwa sababu watu wa mjini hawalitaki, na koti la mvua la nailoni halipiti uwezo wa wengi. Likunje, liweke mfukoni mwa pikipiki.

Sasa nikurudie wewe mzee wangu wa kituoni, maana najua unanisikiliza. Mwanao hakuibii. Lakini wala si lazima ununue. Vifaa hivi hukodishwa, na kwa safari moja kukodi kunatosha. Mtumie fedha ya kukodi suti kavu inayomtosha, na fedha kidogo ya nguo za ndani za sufu. Kisha mpe masharti mawili ya baba. Kwanza, aijaribu suti hiyo kwenye maji yaliyotulia mbele ya mtu anayeijua kazi. Pili, siku ya safari jua likiwaka, wenzake wakivua mashati na kumcheka, asiivue. Achuchumae ukingoni, atie mkono mtoni, ahesabu mpaka sitini. Mkono wake utamjibu yeye, na utawajibu wenzake.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Siku ile pale kituoni, daladala ilipofika, mzee alinishika tena mkono akanong'ona, "Kusema kweli, fedha ninayo. Ninachoogopa ni mto." Basi mzee wangu, kuogopa mto ni akili. Ukishauogopa, uvalie nguo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.